Unyayo wa Namba Tisa

Alhamisi hiyo Taufiq alitoka nyumbani kwenda kuchukua njumu zake kwa fundi, shughuli ya dakika kumi tu. Mamake alimwambia arudi kabla ya adhana ya magharibi, mbaazi zilikuwa jikoni. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na mchanga wa vichochoro vya Mjambere ulikuwa bado umelowa. Alitembea polepole, akiutunza mguu wake wa kulia. Angeonekana kwa mbali angedhaniwa ni mzee wa miaka sitini, si mshambulizi wa miaka ishirini na miwili ambaye mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kuwa atafika mbali.

Jumamosi palikuwa na majaribio. Timu kubwa ya Nairobi ilikuwa inaleta watu wake kutafuta mshambulizi mmoja. Mmoja tu. Hii ilikuwa mara ya nne kwa Taufiq kuitwa. Mara ya kwanza goti lilimgeuka siku mbili kabla. Mara ya pili kifundo cha mguu kilivimba akishuka ngazi. Mara ya tatu msuli wa paja ulikatika dakika ya sita, hakuna aliyemgusa, mpira wenyewe ulikuwa upande wa pili wa uwanja. Mara zote mguu wa kulia. Daktari alizitazama picha akasema haoni kitu. Kocha naye alimwambia waziwazi: ukiumia tena, usirudi.

Cha kushangaza ni kwamba mguu huo hakuutumia kwa lolote ila kusimamia. Taufiq alikuwa mashoto. Hakuwahi kufunga bao kwa mguu wa kulia hata utotoni, na wenzake walimtania kwamba mguu ule ameuazima.

Alimkuta fundi Matano akikunja turubai la kibanda chake.

"Shikamoo, fundi. Nimefuata njumu zangu."

"Marahaba." Matano hakuinua uso. Alimpa moja, ya kushoto. "Nyengine ameichukua mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mwenyewe si mimi?"

"Amekuja kijana anayetembelea gongo, sasa hivi. Akaishika, akapitisha kidole hapa chini palipokosa jino, akaniambia jino hili lilikatikia Frere Town. Nikajua ni yake. Mtu hawezi kuijua njumu namna ile kama si yake."

"Fundi, nimezinunua Kongowea, mitumbani! Miaka mitatu ninazo!"

"Sasa mimi ningejuaje?" Matano akashusha sauti, akatazama nyuma yake. "Nilimpa zote mbili. Akataka ya kulia peke yake. Na hilo ndilo lanisumbua, mwanangu. Kijana yule ana mguu mmoja. Wa kushoto."

Taufiq alicheka. Kilikuwa kicheko cha uongo, na yeye mwenyewe alikisikia.

"Amepita wapi?"

Matano akaonyesha kwa kidevu upande wa uwanjani.

Nyayo zilikuwa wazi kwenye mchanga. Mguu wa kushoto, mtupu, vidole vitano vimejichora. Kando yake tundu la gongo. Kushoto, tundu. Kushoto, tundu. Taufiq alizifuata akiwa amekasirika zaidi kuliko kuogopa, kwa sababu mtu hawezi kwenda kwenye majaribio na kiatu kimoja.

Baada ya nyumba ya mwisho, tundu la gongo likatoweka.

Mahali pake palikuwa na unyayo wa njumu. Wa kulia. Umezama sawasawa, wa mtu mzima anayekanyaga kwa uzito wake wote. Meno yote yamejichapa, isipokuwa la katikati. Hapo palibaki kinundu cha mchanga, kidogo, kama kunde.

Taufiq alisimama. Miaka mitatu alizivaa njumu zile na hakuwahi hata siku moja kugeuka kutazama alama zake. Lakini kinundu kile alikuwa amekiona. Mara moja tu, zamani.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Kesho yake ilikuwa fainali kati ya Mjambere na Frere Town, na Frere Town walikuwa na namba tisa aliyeitwa Nguma, kijana mwenye mguu wa kulia uliowanyima watu usingizi. Timu ya Mjambere ilikuwa na wazee wake wa kamati, kamati ambayo haikuandikwa popote. Wazee hao walikwenda kwa mganga, Bi Mwanatabu, na Bi Mwanatabu akataka mchanga wa unyayo wa Nguma. Taufiq, mdogo wa timu, ndiye aliyetumwa. Aliwasubiri Frere Town wamalize mazoezi, akainama kana kwamba anafunga kamba, akauchota kwa mkono wa kushoto unyayo wa kulia wa Nguma, na kinundu chake katikati.

Bi Mwanatabu aliufunga ndani ya kaniki, mafundo saba, akampa auzike chini ya mlingoti wa goli. Akamwonya jambo moja. "Chunga usije ukaukanyaga unyayo huu. Utamshika yeyote aukanyagaye."

Aliogopa, akachunga. Miaka yote hiyo hakupita karibu na mlingoti ule. Siku ya fainali mguu wa Nguma ulivunjika dakika ya kumi, peke yake, mlio ukasikika hadi kwa mashabiki. Kidonda kikaoza. Mguu ukakatwa. Taufiq alilia siku mbili, kisha akajiambia ni bahati mbaya ya mpira, akaendelea kucheza.

Na kumbe njumu zile alizozipenda kwa sababu zilimkaa kama aliyepimwa zilikuwa za Nguma... kila hatua aliyopiga ndani yake, alikuwa akiukanyaga unyayo ule ule.

Alitamani kurudi kwa mamake. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, na kama mguu wake ulikuwa umefungwa, fundo lilikuwa mbele, si nyuma.

Uwanjani hapakuwa na mtu. Adhana ilikuwa imeanza. Upepo ulileta harufu ya dawa ya kuchua misuli, kali ya kuchoma pua, na chini yake harufu nyingine, ya kidonda cha zamani.

Tap.

Kimya.

Tap... tap...

Ilitoka golini. Mtu alikuwa ameketi ameegemea mlingoti, amempa mgongo, gongo limelala pembeni. Taufiq alimzunguka kwa mbali. Suruali upande wa kulia ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti. Chini ya goti hapakuwa na kitu. Hewa tu.

Na chini ya hewa hiyo, njumu.

Imesimama wima mchangani, kamba zimefungwa, zimebana kana kwamba zimefungwa juu ya nyama. Ilikuwa ikijipigapiga taratibu, namna mchezaji wa akiba anavyopigapiga mguu akisubiri kuingizwa.

"Unyayo wangu u wapi?"

Sauti ilikuwa ya kunong'ona, wala haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Nguma," alisema Taufiq. "Nilitumwa. Nilikuwa mtoto."

"U wapi?"

"Umeuegemea."

Mtu yule alijisogeza kando. Taufiq alipiga magoti, goti lake bovu likamchoma, akafukua kwa mikono. Hakwenda chini sana. Kaniki ilikuwa pale, haikuoza, na mafundo yake yalikuwa ya moto. Aliyafungua moja moja akisoma sura zote alizozijua, akizichanganya kwa hofu. Fundo la saba lilipofunguka, maumivu ya miaka mitatu yalimtoka mguuni, ghafla, akabaki anatweta.

Mchanga ulikuwa bado mbichi. Kinundu kilikuwa bado katikati.

"Mimina ndani," ilisema sauti.

Alimimina ndani ya njumu. Mchanga ulikuwa wa kiganja kimoja, lakini uliendelea kushuka, ukashuka, mpaka kiatu kikajaa. Kisha kiatu kikavuta pumzi.

"Nguma... Jumamosi nitacheza?"

"Utacheza."

Adhana ilikwisha.

"Tutacheza."

Taufiq alikimbia. Alikimbia mpaka mlangoni kwao bila goti kumuuma, na furaha ikamwingia katikati ya woga, akaona haya kwa furaha hiyo. Mamake alitoka na taa ya simu, akamulika ua uliolowa.

"Taufiq, mbona umeingia kwa mguu mmoja?"

Alitazama nyuma yake. Kutoka lango hadi kizingitini palikuwa na alama za mguu wa kushoto peke yake.

Ijumaa, baada ya swala, alikwenda Frere Town akaiulizia nyumba ya kina Nguma. Mama mtu, Dama, alimpokea vizuri, akidhani ni rafiki wa zamani.

"Karibu, mwanangu. Amelala. Ana homa, hajashuka kitandani tangu Jumatatu."

"Hata jana jioni hakutoka?"

"Atoke na nini? Hata gongo lenyewe limevunjika." Alimsogeza mlangoni, akanong'ona. "Wajua kilichonishangaza? Njumu zake nilizitoa mimi mwenyewe, nikampa mwenye mitumba, maana kila nikiziona nalia. Leo alfajiri nimeikuta moja hapo."

Ilikuwa chini ya kitanda, imejaa mchanga mbichi. Nguma alikuwa amelala chali, uso umekonda, midomo ikitabasamu.

"Tangu jana magharibi asema mguu wamuwasha," alisema Dama. "Ule usiokuwepo. Na amenisihi nimwamshe asubuhi na mapema. Asema kesho ana mechi."

Taufiq alifungua kinywa amwambie. Alitaka kusema ni mimi, mama, mimi ndiye niliyeuchota. Kisha akaifikiria Jumamosi, akakifunga. Akaaga.

Majaribio yalianza saa tatu. Taufiq alivaa njumu mpya za kuazima, meno yote kamili. Dakika ya kumi mpira ulimjia kulia. Alijipanga aupeleke kushoto kama siku zote.

Mguu wa kulia haukumsubiri.

Mlinda lango hakuuona mpira. Ukaja wa pili, mguu ule ule, na wa tatu. Watu walishangilia mpaka wakaingia uwanjani. Yule mgeni wa Nairobi alimkumbatia begani.

"Kijana, wewe ndiye tunakuchukua. Hiyo kulia yako ni hatari."

Taufiq alitazama chini. Alama za kushoto kwenye mchanga zilikuwa za njumu ya kuazima. Za kulia zilikosa jino la katikati.

"Asante," alijibu.

Kisha, polepole, akajaribu kukunja vidole vya mguu wa kulia ndani ya kiatu.

Havikusogea.