Jumapili za Perlita

Soko la La Paz lilikuwa limefurika mchana ule wa Jumamosi. Perlita Sobrevega, mfamasia mwenye duka lake mtaa wa Molo, ndiyo kwanza ainamie supu yake ya tambi, mtu akampiga kikumbo begani.

"Aa! Taratibu, kaka! Mkono huo unauma!"

"Samahani, dada." Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likakakamaa, na plasta ndogo mkononi kama ya Perlita. "Hata mimi nimedungwa leo."

"Usiniambie nawe uko kwenye mafunzo ya chanjo!"

"Safu ya nyuma kabisa. Anselmo Gallego, nina duka la dawa kule Bacolod, kisiwa cha pili."

"Nani kakudunga?"

"Mama mmoja wa Roxas. Kanidunga huku anasali."

Perlita alicheka hadi supu ikampalia. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na tangu baba yake afariki alikula peke yake nyuma ya kaunta, siku zote.

Mafunzo yalikuwa ya Jumamosi nne. Wafamasia walifundishwa kuwachanja majirani zao dhidi ya mafua, hasa wazee walioshindwa na foleni za kituo cha afya. Jumamosi tatu zilizobaki, wawili hao walikaa bega kwa bega. Siku nyingine bahari iliwatenga, nao walipigiana simu kila jioni wakishafunga maduka.

"Umekula?" Anselmo aliuliza jioni moja.

"Nimekula biskuti."

"Biskuti si chakula, langga."

Langga: kwa Kiilonggo, lugha ya kwao, ndivyo umwitavyo umpendaye. Perlita aliusukuma kando mfuko wa biskuti.

"Na wewe?"

"Wali na samaki mkavu. Nimeongea na friji."

"Imejibu?"

"Inanung'unika tu. Nadhani inakuonea wivu." Kisha akasema, "Siku utakayoanza kuchanja, nitafunga duka nije nisimame nawe."

"Usinidanganye."

"Hata feri zikikosekana, nitaogelea."

Mtihani ukapita. Perlita alipata cheti. Anselmo alisema kwake mambo yalikwenda vizuri, akawahi feri.

Siku ya kwanza ya chanjo, Perlita alivaa gauni la manjano chini ya koti jeupe, akapaka rangi ya mdomo, akapanga viti viwili mlangoni. Feri ya asubuhi ilifika. Ya mchana ikafika. Simu ya Anselmo haikupatikana. Watu walisoma tangazo, wakapita. Jirani yake, Bibi Sabel, aliingia kununua dawa ya kikohozi.

"Nikuchanje, bibi?"

"Mwanangu, wewe najua unahesabu vidonge. Sindano waachie madaktari."

Hakuja mwingine. Perlita alifunga duka, akaketi kwenye kimoja cha vile viti, akakitazama cha pili.

Siku ya tatu, Perlita akiwa ameshajiaminisha kwamba ana mke kwao, Anselmo alipiga.

"Perlita, nisikilize…"

"Kama mke wako kakukataza kupanda feri, ungesema tu."

"Mke? Mke gani?"

Perlita akakata. Hakupokea tena simu yake.

Miezi miwili ikapita. Bibi Sabel alilazwa kwa homa ya mapafu iliyoanza kama mafua. Alipopona alikuja mwenyewe, akakunja mkono wa nguo, na wiki iliyofuata akaleta kwaya nzima ya kanisa. Perlita alichanja hadi vidole vikamuuma. Jioni alikuwa mpweke vilevile.

Siku moja waandaaji wa mafunzo walimwomba akasaidie kuwasimamia waliofeli mtihani. Alipoingia ukumbini, Anselmo alikuwa mbele ya mkono wa mpira wa kufanyia mazoezi, jasho likimtiririka.

"Ulifeli?"

"Mkono ulitetemeka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesimamaje kando yako, Perlita? Wewe una cheti, mimi nina tetemeko. Niliona aibu. Na mke sina, hata paka sina."

"Siku ile hakuchanjwa mtu hata mmoja! Cheti chako ningekifanyia nini? Nilitaka mtu wa kukaa kwenye kiti."

Anselmo aliinamisha kichwa. "Nisamehe."

Perlita alimtazama sana. Kisha akakaa mbele yake, akakunja mkono wa blauzi. "Haya. Maji ya chumvi tu. Dunga."

"Nitakuumiza."

"Umeshaniumiza. Dunga."

Mkono ulitetemeka, ukatulia, sindano ikaingia sawasawa. Mchana huo Anselmo alifaulu mtihani.

Jioni Perlita alimsindikiza gatini.

"Nataka nikuoe," Anselmo alisema ghafla.

"Nitaishi wapi? Sheria inataka mfamasia awepo dukani. Nikihamia kwako, wazee wangu nani atawachanja?"

"Na mtaa wangu una duka moja tu, la kwangu."

Honi ya feri ikalia. Abiria walianza kupanda.

"Jumapili tunafunga maduka wote wawili," Perlita alisema polepole.

"Siku moja kwa wiki ni kidogo, langga."

"Ni kidogo sana. Lakini sijawahi kuwa nayo hata hiyo." Akamshika mkono. "Nakubali. Ila nitalia kila Jumatatu."

"Tutalia wote, kila mtu dukani kwake."

Walifunga ndoa Januari, siku ya Jumapili. Jumatatu saa mbili asubuhi, maduka yote mawili yalikuwa wazi.