Sindano za Paraschiva

Boksi la pili la sindano lilikuwa limetoweka, na mwizi alikuwa ameiacha pete ya dhahabu iliyokuwa juu yake.

Inspekta Doru Ciobotaru aliitazama pete kwa uzito unaompasa ofisa wa polisi aliyepanda kilima kwa miguu. Pete haikumwambia kitu.

"Nani anaiba sindano na kuacha dhahabu?"

"Ndiyo maana nimekuita," alisema nesi Lenuța. "Mimi kazi yangu kuchoma."

Kitandani alilala Paraschiva, miaka sabini na minne, aliyewekewa nyonga ya bandia siku kumi na moja zilizopita. Kila asubuhi Lenuța alipaswa kumchoma tumboni dawa ya kuzuia damu isigande. Siku tatu sasa hajachomwa.

"Akikosa itakuwaje?"

"Donge la damu linafanyika mguuni. Likikatika, linapanda mapafuni. Mtu anaongea, halafu haongei tena."

"Huyo ataongea hata kaburini," alisema mumewe, Mzee Gavril, akimenya viazi dirishani.

Inspekta alinyunyiza unga kabatini kutafuta alama za vidole. Alipata za Lenuța, za Gavril na, baada ya dakika ishirini za utaalamu, zake mwenyewe.

"Una maadui, mama?"

"Vasilica, jirani. Tangu mwaka tisini na nne."

"Yuko wapi?"

"Italia, kwa bintiye. Toka Krismasi."

Inspekta alimwandika Vasilica, kisha akamfuta. Karatasi ikabaki nyeupe, na kichwa chake vilevile.

"Mzee, jana ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Juzi?"

"Hapa."

"Umemwona mtu yeyote akiingia?"

"Wewe."

Ili asionekane amekwama, Inspekta alifungua kitabu cha sala kilichokuwa karibu na viazi. Ndani mlikuwa na karatasi ya maelezo ya dawa, imekunjwa mara nne. Mstari mmoja ulipigiwa penseli: dawa hii hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe.

Aliinua macho. Ukutani, kalenda ya kanisa: juma la tatu la Kwaresima. Jikoni, sufuria ya maharage bila tone la mafuta.

"Mzee Gavril, nyama ya nyumba hii iko wapi?"

Kisu kilisimama katikati ya kiazi. "Darini. Hadi Pasaka. Kama kwa watu wote."

Inspekta alipanda ngazi. Kati ya mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi na mikufu miwili ya soseji, ulining'inia mfuko safi. Maboksi yote mawili yalikuwamo.

"Siku wanamkata mfupa," alisema Gavril, "nilipiga magoti mbele ya Mama wa Mungu. Nikasema, nirudishie huyu, na nyama haitaingia miilini mwetu hadi Pasaka. Akanirudishia. Halafu naisoma ile karatasi. Kila asubuhi mwenzangu anatiwa nguruwe tumboni. Si atachukuliwa tena?" Alifuta mikono kwenye suruali. "Sikuzitupa. Pasaka ikipita angechomwa zote."

Lenuța hakungoja mwisho. Alikuwa amefunua blanketi na kuubonyeza mguu. Ulikuwa umevimba, una joto.

"Unauma?"

"Tangu jana. Nilidhani ni hasira."

Nesi akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Gavril," alisema Paraschiva polepole. "Hospitalini walinichoma hizohizo siku tano. Na Ijumaa nilikula soseji ya mama wa kitanda cha pili. Nzima."

"Ijumaa?"

"Na bado nipo nakusikiliza."

Mzee alikaa juu ya ndoo ya maganda.

Hospitalini, mashine ilionyesha donge chini ya goti. Lilikuwa halijakatika. Daktari wa kike, kijana bado, alikuja na sindano kubwa kuliko zile. Inspekta alikuwa mlangoni na fomu yake. Penye sababu ya kosa aliandika "Kwaresima", akaitazama, akaiacha.

Gavril alivua kofia, akalipandisha shati la mkewe kwa mkono wake mwenyewe.

"Choma, binti," alisema. "Mbinguni hii nitaulizwa mimi."