Kibao cha Mwaloni Kwenye Njia Panda

Kila asubuhi karakana ya Fundi ilianza kwa kelele. Msumeno ulikata, randa ilikwangua, na Fundi mwenyewe aliimba vibaya. Mkewe alikaa dirishani penye mwanga, patasi mkononi. Kazi yake ilikuwa kuchonga maua na herufi. Watu walimwita Mama Herufi, na jina lake la kuzaliwa walikwisha kulisahau.

Ukoo huu ulikuwa wa watengeneza vitanda. Baba yake Fundi alitengeneza vitanda, na babu yake pia. Vitanda vyao vilijulikana kwa ukingo mweupe. Fundi alichagua mbao zenye rangi mbili: katikati kahawia, pembeni nyeupe. Kisha alipaka vanishi mpaka mtu aweze kujitazama humo na kuchana nywele. Hakuna mteja aliyelalamika. Kitanda hakinyeshewi mvua.

Halafu zahanati ya wazazi iliwaomba kibao cha njia panda. Kushoto ni zahanati, kulia ni machimbo ya mawe. Fundi alinunua mbao za mwaloni, maana alisikia kwamba mwaloni hauozi. Mama Herufi alichonga maneno, akayazungushia maua. Fundi akapaka vanishi mara nne. Siku ya kukisimamisha, kibao kiling'aa kuliko kiatu cha askari.

Miaka miwili ikapita. Jumatatu moja, mvua ilipokatika, Mkunga wa zahanati aliingia karakanani bila hodi. Aliletewa kiti, hakukaa. Alisema kibao kimeanguka. Ijumaa, dereva mgeni alifika njia panda na mama mwenye uchungu kwenye kiti cha nyuma. Hakuona kibao. Akapinda kulia. Mtoto alizaliwa machimboni, ndani ya gari, na mama akapoteza damu nyingi kabla hawajapata wa kuwaelekeza.

"Wako hai wote wawili," Mkunga alisema. "Lakini safari nyingine tunaweza tusiwe na bahati."

Kamati ya zahanati ilitaka kununua kibao cha plastiki. Mkunga aliwaombea Fundi na mkewe siku kumi na nne. Wakileta kibao cha kusimama kweli, atawatetea. Wakileta kingine kama kile, hatakuwa na la kusema.

Siku hiyo Mama Herufi hakula. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa haki yake. Herufi alizichonga yeye, na siku zilipohitajika zilikuwa zimelala matopeni. Alitaka kibao kisimame kuliko alivyotaka sifa yoyote.

Fundi alikuwa mtu wa haraka. Hata huzuni ilimwingia mikononi. Nyuma ya nyumba palikuwa na mti wa mwaloni uliopandwa na babu yake. Alisema kosa la kibao cha kwanza ni wembamba. Cha pili atakitengeneza kinene kama ukuta, na mbao ziko pale pale uani. Mama yake, aliyekuwa kwenye benchi lake nje ya mlango, alimwuliza kama kivuli nacho atakichonga kwa patasi. Fundi alichukua msumeno mkubwa, akaanza kuunoa.

Jirani yao alikuwa mwanamke mstaafu, aliyefanya kazi ya misitu miaka thelathini. Mtaa mzima ulimwita Bi Misitu. Alisikia tupa ikilia juu ya msumeno, akajua kwa sauti tu kwamba si msumeno wa mbao, bali wa kuangushia miti. Alivaa viatu vyake vya mpira, akaja kupiga hodi.

"Shikamoo, Bi Misitu," alisema Fundi.

"Marahaba, mwanangu. Huo mti umekukosea nini?"

Fundi alimweleza habari yote, na Bi Misitu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Na marehemu yuko wapi?"

"Marehemu gani tena?"

"Kibao kilichokufa. Kabla hujazaa kingine, tujue hiki kimekufa kwa ugonjwa gani."

Walikwenda kukichukua kwa mkokoteni, wakakilaza juu ya meza ya kazi. Bi Misitu aliomba bisibisi. Aliichoma kwenye ukingo mweupe, ikazama yote. Akaichoma tena katikati, penye rangi ya kahawia. Haikuingia hata kidogo.

"Mbao ni ile ile," Fundi alisema. Alikuwa haamini macho yake.

"Mti ni ule ule, mbao ni mbili," Bi Misitu alimjibu. "Hii nyeupe hukaa chini ya gome. Mti ulipokuwa hai, maji na chakula vilipita humu. Kuvu na wadudu wanaijua vizuri. Hii ya kahawia ni moyo wa mti. Mwaloni huujaza moyo wake ukakasi. Umewahi kunywa chai iliyosahauliwa kwenye birika, ulimi ukakauka? Ni ukakasi wa namna hiyo. Kuvu hushindwa nao kwa miaka mingi."

Fundi alitazama ukingo wake mweupe, sifa ya ukoo mzima. Alikuwa ameuweka juu na chini, mahali mvua inapopiga zaidi.

Bi Misitu hakuishia hapo. Aling'oa msumari mmoja. Ulikuwa umekwisha kuliwa, na kuuzunguka mbao ilikuwa nyeusi tii. Alieleza kwamba ukakasi unaofukuza kuvu hula pia chuma cha kawaida, mbao ikiwa na unyevu. Mwaloni wa nje unataka skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kisha akawaonyesha miguu ya kibao. Fundi aliichimbia ndani ya zege, na zege likawa kikombe. Kila mvua ilijaza kikombe, na miguu ikanywa mpaka ikalainika.

"Lakini nilipaka vanishi mara nne," Fundi alijitetea.

"Jua likaipasua. Maji yakaingia kwenye nyufa, na vanishi iliyobaki ikayazuia yasitoke."

"Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi," alisema mama yake Fundi kutoka mlangoni. Hakuna aliyemwuliza, lakini hakuna aliyembishia.

Sasa Mama Herufi aliuliza swali ambalo hakutaka kulijua jibu lake. "Na maua yangu?"

Bi Misitu alitia kidole ndani ya ua moja, akakitoa kikiwa na unyevu. "Kitandani yanapendeza, binti yangu. Barabarani kila ua ni kisima kidogo."

Fundi alikaa juu ya gogo. "Basi nilitengeneza kitanda, nikakisimamisha barabarani," alisema. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejishika mwenyewe kwenye mtego.

Mama Herufi hakucheka. Aliuliza kama basi kamati ina haki, na plastiki ndiyo bora.

"Plastiki haiozi, kweli," alisema Bi Misitu. "Lakini jua huifubaza na kuivunja. Ikivunjika huipigi randa, huitengenezi, na vipande vyake hubaki ardhini kuwasumbua wajukuu. Mbao hutengenezeka, na ikichoka hurudi udongoni. Lakini msijisifu kwa sababu tu mnatumia mti. Mwaloni ule pale nje una miaka tisini. Ukiukata upate kibao cha miaka miwili, umetupa miaka themanini na minane. Kibao cha mwaloni ni halali kikidumu muda mrefu, na mbao yake ikitoka kwa mtu anayepanda anapokata, asiyekata zaidi ya msitu unavyokua."

Alimwambia pia jambo ambalo Fundi alilijua kwa vitanda, lakini haraka ilimsahaulisha. Mwaloni uliokatwa leo ni mbichi. Mbao ya unene wa kidole gumba hukauka kwa karibu mwaka mzima. Kamati ilitoa siku kumi na nne.

Fundi aliurudisha msumeno mkubwa ukutani.

Walichambua kibao cha zamani. Wakaondoa yote nyeupe na yote iliyolainika. Moyo uliobaki ulitosha mbao tatu nyembamba, ngumu kama siku ya kwanza. Lakini miguu ilikosekana. Ndipo Bi Misitu alipotazama mlangoni, na Fundi akatazama anapotazama Bi Misitu.

"Mbona mnanitazama hivyo?" mama yake aliuliza.

Hakutazamwa yeye. Lilitazamwa benchi. Lilikuwa la mwaloni, la moyo mtupu, halijapata kupakwa chochote. Lilinyeshewa miaka thelathini na moja, likageuka rangi ya majivu. Bi Misitu aliomba ruhusa, akalichoma kwa bisibisi. Bisibisi iliteleza.

Benchi hilo alilitengeneza marehemu baba yake Fundi. Mjane wake alilipapasa kwa kiganja. Mama Herufi alitaka kumwambia aache, watatafuta kwingine. Mkwewe akamtangulia.

"Mtoto wa mtu amezaliwa machimboni," alisema. "Lichukueni. Ila nipatieni pa kukaa kabla miguu yangu haijabadili mawazo."

Fundi alimtengenezea kigoda siku hiyo hiyo. Kisha wakaanza kazi ya kibao, na kwa mara ya kwanza Fundi alipima mara mbili kila kitu. Kwa kuwa mbao zilikuwa chache, maneno yalipunguzwa. Mama Herufi alichonga neno moja tu, WAZAZI, na mshale wa kushoto. Alizichonga herufi kwa kina, na sakafu ya kila herufi akaiinamisha ili maji yatiririke. Akatia ndani rangi nyeupe ya nje ili zisomeke kwa mbali. Mara mbili patasi yake ilielekea ukingoni kutafuta pa kuweka ua. Mara mbili akairudisha. Ilimuuma, na alisema hivyo wazi.

Siku ya kumi na tatu walikisimamisha. Miguu haikugusa ardhi. Ilishikwa na vyuma visivyoshika kutu, kiganja kizima juu ya zege, na chini yake Fundi akamwaga kokoto. Juu ya kibao aliweka kifuniko cha mteremko. Hakupaka vanishi.

Mwenyekiti wa kamati alikizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akauliza kwa nini haking'ai.

"Hata wewe hung'ai, na tunakutegemea," alisema Mkunga. Akamwomba arudi nyuma hatua sitini, asome. Mwenyekiti alisoma kwa sauti, bila miwani. Kamati ikakubali.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kali, na za mwaka uliofuata pia. Kila mvua zilipokwisha, Fundi na mkewe walikwenda njia panda na brashi na bisibisi. Walisafisha, wakakaza skrubu, wakaichoma miguu kuipima. Kibao kilipoteza rangi ya kahawia, kikawa cha majivu, lakini bisibisi haikuingia.

Mwaka wa tatu kamati ilitaka vibao vinane zaidi. Fundi aliitembea njia yote kwanza. Akawaambia viwili vinatosha. Maelekezo mengine yaandikwe kwa rangi kwenye kuta zilizopo. Mbao za hivyo viwili alizinunua kwenye msitu unaokatwa kwa mpango, akaonyeshwa vitalu vya miche kabla hajalipa. Alizipanga karakanani kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Mwenyekiti aliuliza vitakuwa tayari lini. Fundi akamwambia asubiri hadi mwakani, zikauke. Mwenyekiti alimtazama usoni, akamwuliza kama ana homa.

Asubuhi moja baada ya mvua, Mama Herufi alikuwa njia panda peke yake, akipiga brashi nyuma ya kibao. Gari lilikuja kwa kasi. Lilipunguza mwendo. Dereva alikuwa mgeni, ameshika usukani kwa mikono miwili, na kwenye kiti cha nyuma mwanamke alikuwa ameinama, amelishika bega la mama yake. Mama Herufi aliinua mkono kumwonyesha njia. Haukuhitajika. Dereva alikwisha kuinua macho, akasoma, akapinda kushoto.

Mama Herufi alisimama mpaka gari lilipoingia lango la zahanati. Alilia kidogo, na hakuona aibu. Kisha akatumbukiza brashi kwenye ndoo, akaendelea na kazi.