Nduru Isiyo na Maiti

Siku ile ya mazoezi, katika kanisa dogo karibu na Malaba, walikuwepo Mwalimu Methuselah Etyang, mtunzi wa wimbo; Ejoku, sauti ya tatu; Oundo, besi; Roselida Nanjala, sauti ya pili; na Winny Nerima, mtoto wa pekee wa Roselida, sauti ya kwanza. Mwingine hakuwepo.

Waliimba Zaburi ya mtu anayelia kutoka vilindini. Etyang aliitunga kisasa: hakuna kiitikio, hakuna pa kupiga makofi, sauti nne zikisuguana kama mabati.

"Mwalimu, hata popo wa darini wamehama," alisema Oundo.

"Popo hawajui muziki. Na wewe je?"

Wakarudia hadi mwisho, Etyang akakunja ngumi, ishara ya kukata wimbo. Wote wakanyamaza. Sauti moja ikabaki juu, ikitetemeka, kisha ikakatika. Winny alikuwa amefunga mdomo tangu ngumi ilipokunjwa.

Roselida aliitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nduru aliyopiga kule Funyula walipomzika mumewe, Mulama.

"Ulinirekodi matangani," alinong'ona.

"Kwa simu tu, Mama Winny. Nimempa mtoto wako aiimbe. Si ni heshima?"

"Kwetu Samia nduru haipigwi pasipo maiti. Ukiipiga bure, inatafuta maiti wake. Iondoe."

"Mashindano ni Jumamosi. Nikiiondoa nabaki na nini?"

Jioni ile Winny alikataa chakula, mikono imempoa, na jikoni kukanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na kila Roselida alipofunua mtungi ili amchotee maji, nduru yake mwenyewe ilipanda kutoka ndani, mbali kwanza, halafu karibu, halafu kama imetoka kinywani mwake, hata akajishika midomo ahakikishe kwamba si yeye anayemlilia mtoto aliye hai.

Alimwita mganga, bibi Ajiko. Wakakata mgomba, wakauvika shuka, wakaulilia kama mtu, wakauzika. Harufu ikatoweka. Winny akaomba uji.

"Imepata wake," alisema Ajiko. "Msiiite tena."

"Umesikia, Winny?"

"Nimesikia, mama."

Lakini Jumamosi, Roselida, aliyekuwa amekataa kuimba tena, akiwa sokoni, Etyang alikuja na gari la kwaya. "Dada, bila wewe hakuna wimbo," alimwambia Winny, naye akapanda.

Roselida aliambiwa na jirani. Akaacha nyanya zake chini, akapanda bodaboda, na alipofika mlangoni pa ukumbi nduru ilikuwa imeshapanda, na ngumi ya Etyang ilikuwa imeshakunjwa, na Ejoku na Oundo walikuwa kimya, na Winny amefunga mdomo huku machozi yakimtoka, lakini sauti iliendelea, ikajaza ukumbi mpaka darini, na waamuzi, wakidhani ni ufundi, wakasimama kupiga makofi.

Kwaya ilipewa kombe. Etyang alilipokea kwa mikono miwili.

Winny Nerima alifariki njiani wakirudi nyumbani, kabla gari halijafika Amukura.