Skrini Iliyojibonyeza Yenyewe

Kila asubuhi Zuleka ndiye aliyefungua gereji. Alifagia, akapanga spana mahali pake, kisha akatoa kompyuta kabatini na kuiweka mezani. Mumewe, Abubakar, alikuja baadaye akiwa na chupa ya chai.

Gereji yao iko Embu mjini, nyuma ya maduka ya vipuri. Abubakar ni makanika wa malori. Malori ya siku hizi yana kompyuta ndogo ndani ya injini. Makanika naye lazima awe na kompyuta yake, aiunganishe na lori kwa waya, ndipo ajue ubaya uko wapi.

Kompyuta ya Abubakar ilikuwa ya kupakata, kuukuu na nzito. Ilitengenezwa kwa kazi za nje, penye vumbi na mvua. Skrini yake ilikuwa ya kugusa. Unabonyeza kwa kidole, inatii.

Lakini kwa muda sasa ilikuwa haitii vizuri. Mara ilifanya kazi, mara ilikufa ganzi. Wakati mwingine ilijibonyeza yenyewe, kama vile kuna kidole kisichoonekana.

"Ni tangu Mama Rukaya aiangushe," Abubakar aliwaambia wateja.

Rukaya ni binti yao, anasoma shule ya bweni. Ni kweli kwamba Zuleka aliiangusha kompyuta hiyo pale mlangoni siku moja ya mvua. Kila alipotajwa hivyo, maneno yalimkaa moyoni.

Fundi mmoja wa mjini aliitazama kidogo tu, akasema, "Hiyo ni skrini imekufa. Nunueni nyingine." Skrini ya kompyuta ya aina hiyo ni ghali. Abubakar alikuwa ameshaanza kuiwekea akiba.

Jumanne moja, dereva aitwaye Nyaga alileta lori la kubeba majani chai. Injini ilikuwa inakatakata mlimani.

"Fundi, wakulima wamenijazia magunia huko Kibugu," alisema. "Mvua imeleta majani mengi. Yakikaa yanapata joto, yanakuwa mekundu. Kiwanda hakiyapokei tena."

Abubakar aliunganisha waya. Akaona kwamba kompyuta ya injini inahitaji kuwekewa programu mpya. Kazi hiyo ikianza haikatizwi. Ikikatika katikati, kompyuta ya injini yaweza kuharibika kabisa na lori lisiwake.

Alipokuwa akisoma onyo la mwisho kabla ya kuanza, alama ya mshale kwenye skrini iliruka. Ukurasa ukajifunga wenyewe. Abubakar aliufungua tena, ukajifunga tena. Akaipiga skrini kofi.

"Usiipige," Zuleka alisema.

"Niipige nisiipige, wewe ulishaimaliza."

Nyaga aliangalia chini. Zuleka alivuta mtandio wake vizuri, akavuka barabara hadi nyumba ya Mwanabibi. Jirani huyo hufundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, na siku hiyo alikuwa nyumbani kwa sababu chuo kilikuwa kimefungwa.

"Mwalimu, samahani kukusumbua," alisema Zuleka. "Kompyuta yetu inajibonyeza, na tuna lori la watu."

Mwanabibi alichukua kipanya cha waya, wakaja pamoja. Hakuanza na skrini. Aliuliza kwanza, "Kazi yenyewe imeanza?"

"Bado," alisema Abubakar. "Imejifunga kabla."

"Basi hakuna kilichoharibika. Tuokoe lori kwanza, ugonjwa tutautafuta baadaye." Alichomeka kipanya, akaingia kwenye mipangilio. "Nauzima mguso peke yake. Picha utaiona kama kawaida, lakini skrini haitasikia kidole, wala haitajibonyeza. Fanya kazi kwa kipanya. Betri imejaa?"

"Imejaa, na chaja iko."

"Iache ichaji hadi umalize."

Abubakar alianza. Mstari wa kijani ulisogea polepole kwenye skrini. Ulipofika mwisho, Nyaga akawasha lori, likanguruma bila kukatakata. Akashukuru na kupanda kwenda Kibugu.

Walipobaki watatu, Zuleka alimimina chai.

"Sasa niambieni," alisema Mwanabibi. "Ugonjwa huu ulianza lini?"

"Siku ilipoanguka," alisema Abubakar.

Zuleka aliweka kikombe chini. "Hapana, Baba Rukaya. Unakumbuka lile gari la miraa la kutoka Kangeta? Siku ile ulilalamika kwamba skrini inarukaruka. Ukaifuta kwa petroli. Wakati huo sikuwa nimeiangusha."

Abubakar alifikiri. Alilikumbuka gari, akaikumbuka na petroli.

"Ni kweli," alisema polepole. "Lile gari lilikuja kabla."

"Swali hilo la lini ni muhimu," alisema Mwanabibi. "Tukishaamua sababu kabla ya kuuliza, tunaacha kutafuta. Sasa tutajaribu jambo moja moja. Ukibadilisha mambo mengi kwa pamoja, hutajua lipi lililosaidia."

Aliuwasha mguso tena. Kwanza wakachomoa chaja. Alama iliendelea kuruka. "Kwa hiyo si chaja," alisema.

Kisha wakaizima kompyuta kabisa na kutoa betri. Mwanabibi aliomba kitambaa laini, akakilowesha maji kidogo na kukikamua.

"Usimwage maji juu yake. Na petroli uiache kabisa, inakula skrini. Tazama hapa ukingoni. Grisi na vumbi la chuma vimeganda. Uchafu ukibana hapa, skrini inadhani ni kidole."

Zuleka alisafisha ukingo wote kwa mswaki mpya, taratibu. Walipoiwasha, Mwanabibi alimwonyesha jinsi ya kuipima upya skrini kwa kugusa alama ndogo kila pembe. Iliruka mara chache kuliko kwanza, lakini haikupona.

"Bado kuna kitu," alisema Mwanabibi. "Mama Rukaya, weka kidole katikati. Baba Rukaya, sogeza mfuniko mbele na nyuma, polepole."

Mfuniko ulipolala nyuma sana, skrini ilikufa ganzi. Ulipokuja mbele, ikaamka. Wakarudia, ikawa vile vile.

"Hapo ndipo penyewe," alisema Mwanabibi. "Ndani ya bawaba hizi unapita waya mwembamba, bapa kama utepe. Ndio unaopeleka habari za kidole. Kompyuta ina umri, mfuniko umefunguliwa miaka mingi. Waya umelegea. Skrini yenyewe ni nzima."

"Nifungue niukaze?" aliuliza Abubakar. Tayari alikuwa ameshika bisibisi.

"Huo ni mwembamba sana, unakatika. Mpelekee fundi anayejua aina hii, na umwonyeshe ulivyofanya na mfuniko. Ukimwonyesha ugonjwa, hatakuuzia skrini usiyoihitaji."

Abubakar aliirudisha bisibisi mahali pake. Akamgeukia mkewe.

"Nilikusema mbele za watu," alisema. "Haikuwa sawa. Nisamehe."

"Nimekusikia," alisema Zuleka. Akamwongezea chai.

Fundi aliyeifungua aliukuta waya umelegea kweli. Aliuchomeka upya, akaubana vizuri. Tangu siku hiyo skrini inatii. Zuleka huifuta jioni kwa kitambaa chenye unyevu, na Abubakar hailazi tena nyuma kupita kiasi. Kipanya hukaa karibu, na kazi isiyokatizwa haianzwi kabla mguso haujazimwa.

Majuzi makanika mwenzao, Mutugi wa Makutano kule Meru, alipiga simu. Kompyuta yake ilikuwa inajibonyeza, na alitaka kujua skrini mpya inauzwa wapi.

"Ngoja nikupe Mama Rukaya," alisema Abubakar, akampa mkewe simu.

Zuleka alijifuta mikono. "Mutugi, habari ya Meru? Skrini usinunue kwanza. Niambie, hiyo shida ilianza lini?"