Senene Ambao Kokwijuka Hakuwaonja

Kokwijuka alikuwa akikaanga senene, wale panzi wa kuliwa, nyumbani kwake kijijini Ijumbi, kama kila asubuhi ya msimu wao. Simu ikaita. Alikuwa Jagruti, mwenye duka la Bukoba linalouza pakiti zake.

"Mama Kamala, njoo mjini! Wateja wanatema senene wako!"

Wanatema? Alipanda basi hadi Bukoba. Dukani alikuta pakiti zake zimerudishwa, boksi zima.

"Basi, nafunga biashara," alisema. "Mimi mjinga. Ilijulikana tangu mwanzo."

"Ilijulikana na nani?" Jagruti alimkatiza. "Acha kujitukana. Ukijitukana, huoni kosa lilipo. Duka letu limeyumba mara nyingi. Kila likiyumba tunajiuliza kwanza: nini tunakifanya vizuri? Wewe je?"

Kokwijuka aliinua pakiti moja, akaitazama. Kisha polepole: "Senene wangu ni wasafi. Huoni bawa wala mguu. Na sijawahi kuchelewesha mzigo."

"Kweli kabisa. Anayeweza hayo ataweza na hili. Sasa tutafute kosa. Ulipowaonja walikuwaje?"

"Kuwaonja? Mimi?"

"Sasa nani? Mimi nisiyekula hata yai?"

"Kwetu mwanamke hali senene, dada."

Jagruti alishika kichwa. "Yaani unauza kitu usichojua ladha yake!"

Hapo Kokwijuka alishtuka kuliko mwanzo. Bibi yake aliwakamata. Mama yake aliwanyonyoa mpaka vidole vikavimba. Wanaume wakala, wakapangusa midomo, wakaiita mila! Na yeye akatii, hata kwenye biashara yake mwenyewe.

Alichukua senene mmoja, akatafuna. Mchungu!

"Mafuta," alisema. "Nilirudia mafuta ya zamani. Tena niliwafunga wakiwa bado wa moto."

"Umeliona mwenyewe," Jagruti alisema. "Kakaange wengine. Nakusubiri."

Nyumbani alimwaga mafuta yale. Akakaanga upya, akawaacha wapoe, akaonja. Mumewe, Lameki, akaingia.

"Yesu wangu! Mama Kamala, unakula senene?"

"Nakula. Umesimama nini? Kaa hapa, unisaidie kufunga."

Wateja walirudi. Biashara ina miaka sita sasa. Mambo yakiharibika, Kokwijuka bado anashtuka, ila hajitukani. Anataja anachokiweza, anatafuta kosa, anaomba msaada. Na Lameki akitaka kujua kama chumvi imekolea, anamuuliza mkewe.