Kubisha Hodi Ardhini

Pikipiki iligonga jiwe, ikapinduka ndani ya korongo kavu, na dumu la maji likapasuka. Tluway aliinuka na michubuko tu. Hilary, jirani yake wa Endagikot, hakuinuka. Kifundo cha mguu kilikuwa kimegeuka upande.

"Simu?"

"Hakuna mtandao."

Mchanga ukayanywa maji yote wakitazama.

Safari hii haikuwa ya Tluway. Kikundi cha bustani kilikuwa kimemtuma mkewe, Restituta, ashuke Yaeda Chini na Hilary kutafuta mbegu za mboga za porini. Lakini Tluway alikuwa na wivu, tena ule wa kumnyima mtu usingizi. Kila siku nyumbani ni Hilary hivi, Hilary vile: mgagani wa Hilary umestawi, mnavu wa Hilary mtamu. Leo tena mke wake apakiwe kwenye pikipiki ya mwanamume huyo? "Nitaenda mimi," alisema, akaenda kweli, yeye asiyejua mnavu wala magugu.

Mchana wa siku ya pili walikuwa bado bondeni. Tluway alikuwa ameufunga mguu kwa vijiti na shati lake, akamkokota mwenzake kufuata njia ya ng'ombe. Midomo ilipasuka. Hilary akaketi.

"Siwezi tena. Kuna mizizi yenye maji. Ona ule mmea unaotambaa, pale kwenye mawe."

Tluway akachimba kwa panga. Mwamba. Akachimba kando yake. Mwamba tena.

"Usichimbe ovyo, ndugu yangu. Gonga kwanza, usikilize."

Tluway akasita. Restituta hugonga hivyo kwa mpini wa jembe katika kishamba chake nyuma ya jiko, na yeye humcheka: "Unabisha hodi kwa nani?"

"Nani alikufundisha?"

Hilary akatazama chini. "Mkeo. Kila kitu. Bibi yake alimlea hukuhuku Yaeda. Mkeo mwenyewe alisema nyumbani kwake kuna mwalimu, mwanafunzi ndiye hakuna."

Wivu ukampanda Tluway upya. Mungu amsamehe, alifikiria kumwacha pale. Kisha akapiga magoti, akaligeuza panga, akagonga kwa mpini. Ko, ko. Ko, ko. Mahali pamoja sauti ikawa nzito. Akachimba polepole, akatoa mzizi mnene kama paja la mtoto, akaumenya. Kipande cha kwanza akampa Hilary.

"Tafuna, meza maji yake. Nyuzi uteme," Hilary alimwambia.

Walitafuna, wakatema, Tluway akagonga tena. Jua lilikuwa limeinama mfugaji mmoja wa Kidatoga, Gidamis, alipotokea na punda wake.

"Shikamoo, mzee," Tluway alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Marahaba. Nimesikia mtu anagonga. Nikajua kuna mama anachimba mizizi, kazi ya wanawake huku. Kumbe wewe!"

Akampakia Hilary juu ya punda, akawafikisha barabarani.

Tluway alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya jiko, ambako Restituta alikuwa ameinama akichuma mgagani. Akachukua jembe, akageuza mpini, akagonga ardhi kando ya tuta.

"Hodi."

Restituta hakuinua uso, ila mabega yalitikisika kwa kicheko.

"Nani?"

"Mwanafunzi wako."

Neno lililobaki lilikuwa chungu kuliko shubiri.

"Wa pili."